Kanuni Moja kwa Kila Leseni: Mwongozo Kamili kwa Wasimamizi wa Mbio za Magari Arusha na Moshi

Mbio za magari zikitua Arusha, orodha ya washiriki hujaa bendera. Wakenya wanavuka Namanga magari yakiwa juu ya malori, wanaokwenda Moshi wanapitia Holili, Waganda na Wanyarwanda wamo, Wazambia wanapandisha kutoka Tunduma. Wote wamelipa ada na wote wametia saini kwamba watafuata kanuni. Kinachobaki ni upande wetu: mkurugenzi wa mashindano, wakaguzi wa magari, mashali wa vituoni na jopo la wasimamizi, yaani wale wanaoamua mashauri na adhabu. Mwongozo huu ni wetu sisi.

Hapa kwetu tumezoea bei kufuata uraia. Kwenye lango la hifadhi, raia wa Afrika Mashariki ana kiwango chake, mgeni mkazi chake, na mtalii wa kutoka mbali chake. Utaratibu ule una sababu zake. Kwenye kituo cha muda, pale mashali anapoandika saa ya kila gari, hauna nafasi hata kidogo, na mtu anayevaa fulana ya mashali lazima auache nyumbani.

Upendeleo una sura mbili, na watu huiona moja tu. Wa kwanza ni ule wa kumbeba mtoto wa nyumbani: "Mwenyekiti, huyu kijana ni wetu, mwache amalize." Wa pili ni wa kumwogopa mgeni. Tumelelewa na "mgeni njoo, mwenyeji apone", na mgeni anapokuja na gari la mamilioni, mafundi sita na mpiga picha wake, mkaguzi wetu anaona haya kumwambia kwamba mkanda wake umepitwa na tarehe. Huo wa pili unamuumiza dereva wa Sanawari au wa Majengo kama ule wa kwanza unavyomuumiza Mkenya. Nimeuona mara nyingi kuliko ule wa kwanza, na unanisumbua zaidi kwa sababu unajificha nyuma ya adabu njema.

Anza kwa kujua uraia gani unahesabika

Shirikisho la kimataifa la magari, FIA, lilianzishwa Paris mwaka 1904. Kanuni Kuu ya Michezo ya FIA ndiyo mama wa kanuni zote tunazotumia, na mwanachama wake hapa nchini ni AAT, chama cha magari cha Tanzania. Kanuni hiyo inasema mshiriki au dereva anachukua uraia wa chama kilichompa leseni, kwa muda wote ambao leseni ni hai. Kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia tu ndipo dereva anabaki na uraia wa pasi yake katika nyaraka rasmi na kwenye utoaji wa zawadi.

Kwa hiyo Mtanzania anayeishi Nairobi na kuendesha kwa leseni ya Kenya ni mshiriki wa Kenya kwenye karatasi zako. Mwingereza anayeishi Usa River mwenye leseni ya AAT ni mshiriki wa Tanzania. Leseni ya nchi isiyo yako hutolewa kwa ridhaa ya chama cha nchi yako, na anayekwenda kushindana nje anahitaji idhini ya chama kilichompa leseni. Hizo ndizo karatasi mbili unazoziomba mezani: leseni na idhini.

Rangi ya ngozi na jina la ukoo havimo kabisa. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu bado nasikia watu wazima wakimwita "mgeni" dereva ambaye babu yake alizaliwa hapa Arusha, kwa kuwa tu ana asili ya Kihindi. Historia ya mchezo huu Afrika Mashariki imeandikwa na watu hao. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, alishinda mbio za Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, aliishinda mara tano, na mwaka 1981 akawa bingwa wa Afrika. Bert Shankland aliyeshinda 1966 na 1967 alikuwa dereva wa Tanzania, naye alikuwa Mzungu. Mashali asiyejua hilo afundishwe kabla ya kupewa saa.

Maliza ugomvi kwenye karatasi kabla usajili haujafunguliwa

Maamuzi mengi yanayoonekana ya upendeleo hayatokani na roho mbaya. Yanatokana na kanuni za nyongeza, zile ambazo mwandaaji huziandikia mashindano yake mwenyewe, zilizoandikwa kwa haraka, zikaacha pengo, na pengo likazibwa siku ya mashindano na mtu aliyekwisha kuona jina la anayehusika. Na pengo likishaachwa si rahisi kulirudia: usajili ukifunguliwa, kanuni za nyongeza hazibadilishwi ila kwa ridhaa ya washiriki wote waliokwisha kujiandikisha, au kwa uamuzi wa wasimamizi wakati kuna dharura isiyozuilika au suala la usalama.

Pengo la kwanza ni pointi. Mashindano ya kitaifa yakifunguliwa kwa wageni, je, mgeni anachukua pointi za ubingwa wa taifa? Kama hachukui, Mkenya akishinda na Mtanzania akawa wa pili, Mtanzania anapewa pointi za wa kwanza au za wa pili? Majibu yote mawili yanaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni kulijibu swali jioni ya Jumapili, matokeo yakiwa ukutani na kila mtu akijua jibu lipi linamfaa nani.

La pili ni wanaolingana. Safari ya mwaka 1973 Mehta na Msweden Harry Källström walimaliza wakiwa sawa kabisa kwa pointi za adhabu, na ushindi ukaenda kwa Mehta kwa kanuni ya kutenganisha waliolingana. Fikiria kelele ambazo zingekuwepo Nairobi na Ulaya kama wasimamizi wangekaa kuitunga kanuni hiyo usiku ule.

La tatu ni vifaa. Kama kundi la kitaifa linaruhusiwa kutumia ovaroli au helmeti za kiwango cha zamani, andika kiwango chenyewe na uandike kwamba ruhusa hiyo ni ya kila anayeshiriki kundi hilo, awe na leseni ya nchi yoyote. Ruhusa iliyoandikwa ni sera. Ruhusa ya kunong'onezwa kwenye meza ya ukaguzi ni hongo hata kama hakuna pesa iliyopita.

La nne ni lugha. Chagua lugha ambayo nakala yake ndiyo itakayofuatwa ikitokea tofauti ya tafsiri, kisha utoe nakala za Kiswahili na Kiingereza siku moja, saa moja. Mnyarwanda au Mrundi aliyezoea Kifaransa aambiwe mapema nani atamsaidia.

Mapokezi na meza ya ukaguzi

Kila mwaka lori la mtu hukwama mpakani. Hati ya forodha ina kasoro, mfumo wa kompyuta umelala, na simu inapigwa saa kumi jioni: "Kaka, tusubirini." Usijibu simu hiyo kwa ndiyo wala hapana. Peleka ombi kwa wasimamizi. Wakikubali kuongeza muda wa ukaguzi, muda unaongezwa kwa wote, kwa tangazo lenye namba, tarehe, saa na saini, linalobandikwa kwenye ubao rasmi. Dereva wa Moshi ambaye injini yake bado iko mezani kwa fundi anapata saa zile zile. Ukimsubiri wa Namanga kimyakimya halafu ukamfungia mlango wa Moshi aliyechelewa dakika kumi, umekwisha kuharibu mashindano kabla gari halijawashwa.

Kwenye ukaguzi wenyewe tumia fomu moja yenye visanduku vile vile kwa kila gari, na ukague kwa mpangilio wa namba za magari. Soma lebo, usisome uso. Lebo ya mkanda inaonyesha mwaka wa mwisho wa matumizi, kiti kina tarehe ya kutengenezwa, helmeti na kizuizi cha shingo vina namba ya kiwango cha FIA. Kama lebo imekatwa au haisomeki, jibu ni lile lile kwa wote. Najua bei ya mkanda mpya, na najua kijana anayekopa ili ashiriki. Huruma yetu tuipeleke kwenye klabu kununua vifaa vya kuazimisha, maana gari likipinduka kwenye makorongo ya Monduli, mkanda uliochoka hautajua mwenyewe ni raia wa wapi.

Wenyeji wa barabara

Hapa ndipo usawa unapokuwa mgumu kwelikweli, na sijaona wengi wakilishughulikia inavyostahili.

Dereva wa kutoka Kampala anapewa ratiba ya kupitia njia kabla ya mashindano: anapita kwenye steji, yaani kipande cha barabara kinachoshindaniwa kwa saa, mara mbili kwa mwendo wa kawaida, msoma ramani wake anaandika kona, basi. Dereva wa Arusha amepita barabara ile ya vumbi mwaka mzima akipeleka pembejeo shambani. Kanuni za mbio za FIA zimeliona hilo: mtu anayekusudia kushiriki haruhusiwi kuendesha kwenye barabara itakayotumika kama steji bila ruhusa ya maandishi ya mwandaaji, isipokuwa anayejulikana kuwa mkazi wa eneo hilo. Msamaha huo ni wa haki. Huwezi kumzuia mtu kwenda kwake. Lakini Arusha na Moshi, ambako steji hupita katikati ya mashamba ya kahawa na ya miwa, na baadhi ya washiriki ndio wenye mashamba, msamaha huo unaweza kuwa mlango wa kupitishia mazoezi.

Fanya hivi. Fomu ya kujiandikisha iwe na swali: je, unaishi au unafanya kazi kando ya barabara yoyote kati ya hizi? Anayejibu ndiyo ataje barabara, gari la kawaida atakalotumia na namba yake. Orodha hiyo ibandikwe wazi, ili mgeni aijue na aweze kuihoji. Wakazi waruhusiwe kupita kwa gari la kawaida na kwa mwendo wa kawaida, bila msoma ramani na bila daftari la kona. Weka mashali wa kuzungukia, na wazee wa kijiji wawe na namba ya simu ya mkurugenzi. Wao ndio wanaolisikia gari la mashindano saa kumi na moja alfajiri, si sisi. Akikamatwa mtu, uliza swali moja tu: kama angekuwa Mkenya aliyelala hoteli ya mjini akanaswa anafanya hivi, ningemfikisha mbele ya jopo? Jibu likiwa ndiyo, mfikishe.

Saa, meza na mashali

Vituo vya muda ni sehemu rahisi kuliko zote, mradi usiongeze maneno. Kwa kanuni za kimataifa za mbio hizi, anayechelewa kuingia kituoni anapata sekunde 10 kwa kila dakika au sehemu ya dakika, na anayewahi anapata dakika 1 kamili kwa kila dakika. Anayeondoka kabla ya ishara ya kuanza steji anapata sekunde 10 mara ya kwanza, dakika 1 mara ya pili, dakika 3 mara ya tatu. Hizi ni adhabu za namba. Hazihitaji kikao, hazihitaji kumjua mtu.

Tatizo huja kwa mazungumzo. Msoma ramani mwenyeji anashuka, anamsalimia mashali kwa Kichaga, wanaulizana habari za Marangu, na katika mazungumzo hayo anakumbushwa kwamba dakika yake bado. Mzambia nyuma yake hakukumbushwa na mtu. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini mmoja kaokoa dakika nzima. Agizo langu kwa mashali ni hili: kituoni tunasema Kiswahili au Kiingereza tu, tunasema maneno yale yale kwa kila gari, na salamu ndefu zingoje jioni kwenye eneo la sevisi. Ikiwezekana, mashali asipangwe kituo ambacho ndugu yake atapita.

Majina ya waamuzi wa ukweli, kama yule anayetazama kuondoka mapema, yatangazwe kabla. Uamuzi wao juu ya kilichoonekana haulalamikiwi, kwa hiyo ni wajibu wetu kuchagua watu ambao hata mgeni hatakuwa na sababu ya kuwashuku.

Ndani ya chumba cha shauri

Kwanza, nani anakaa. Msimamizi hatakiwi kuwa na kazi nyingine kwenye mashindano hayo, wala uhusiano na biashara inayoweza kufaidika na matokeo. Kwenye ubingwa wa dunia wa rali, wawili kati ya wasimamizi watatu, akiwemo mwenyekiti, hutoka nje ya nchi mwenyeji. Mashindano yetu ya kitaifa hayalazimishwi hivyo, lakini wageni wakiwa wengi, ombeni chama cha jirani kiwaazime mtu mmoja. Nauli ya basi kutoka Nairobi ni ndogo ukilinganisha na gharama ya shaka. Mwaka 1989 Ayrton Senna alipoondolewa kwenye matokeo ya mbio za Formula 1 za Suzuka, Japani, na ubingwa ukaenda kwa Alain Prost, watu walikazia macho kwamba rais wa FIA, Jean-Marie Balestre, alikuwa Mfaransa kama Prost. Zaidi ya miaka 30 baadaye bado wanabishana.

Kisha utaratibu wenyewe, nao usirukwe hata usiku ukiwa umeenda. Mshiriki anaitwa kwa maandishi, yenye saa ya kufika na kifungu anachodaiwa kukivunja. Anapewa mkalimani kama anamhitaji, na mkalimani asiwe wa timu pinzani. Anasikilizwa mwenyewe, analeta mashahidi wake, anaonyeshwa ushahidi uliopo. Akiwa chumbani, wasimamizi hawateti kwa lugha asiyoielewa, hata kama wanachosema ni kuagiza chai. Arusha ndiko ilipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na ndiko inakokaa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mji wenye majengo hayo usishindwe kumpa dereva nusu saa ya kusikilizwa.

Akitoka nje, mwenyekiti aongoze mjadala kwa mafungu mawili yasiyochanganywa. Fungu la kwanza: nini kilitokea? Andikeni sentensi chache za ukweli zikitaja "gari namba" badala ya jina. Fungu la pili: kifungu gani kimevunjwa na adhabu yake ipi? Jopo likiruka moja kwa moja kwenye adhabu, jina la mtu ndilo linaloamua.

Angalieni pia ushahidi wa video. Timu tajiri ina kamera mbele, nyuma na ndani. Ya kijana wa Kijenge ina simu iliyofungwa kwa mpira. Msimruhusu mmoja aonyeshe picha zake na kumwacha mwingine bila kumtafutia. Itisheni kamera za magari yaliyopita hapo kabla na baada, na data za kifaa cha kufuatilia mwendo kama kipo, kwa ajili ya pande zote.

Kupima adhabu

Kanuni Kuu inatoa ngazi: onyo, karipio, faini, adhabu ya muda (sekunde au dakika anazoongezewa mtu), hadi kuondolewa kwenye matokeo. Kufungiwa na kufukuzwa kabisa ni mambo ya ngazi ya juu. Mimi naegemea adhabu ya muda kuliko faini, kila inapowezekana. Faini ya shilingi milioni moja ni chakula cha mchana kwa timu moja na ni msimu mzima kwa nyingine, lakini sekunde 30 zinauma sawasawa kwa wote. Mkitoza faini, itajwe kwa shilingi, na ilipwe ndani ya saa 48 tangu mshiriki alipojulishwa, kama kanuni inavyotaka. Mgeni anayetaka kuondoka alfajiri asisamehewe kwa kuwa benki imefungwa. Wala asizuiliwe gari lake kinyume cha kanuni.

Kabla ya kutia saini, fungueni daftari la maamuzi. Kila klabu inapaswa kuwa nalo: tarehe, kosa, kifungu, mazingira, adhabu, bila majina. Kama mwaka jana aliyekata kona kwa kung'oa vizuizi alipewa sekunde 20, wa leo naye apewe 20, au uamuzi ueleze wazi kilicho tofauti.

Kutangaza, malalamiko na rufaa

Uamuzi uandikwe sababu, uwekwe saa, na mshiriki atie saini kuupokea. Hapo saa za haki zinaanza kuhesabika, na mgeni asiyezijua hupoteza haki yake kwa ujinga tuliomwachia. Malalamiko juu ya matokeo hupokelewa ndani ya dakika 30 tangu matokeo ya awali yabandikwe. Yanawasilishwa na mshiriki kwa maandishi pamoja na ada. Kikundi hakiwezi kulalamika kwa pamoja. Kusudio la kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa wasimamizi hutolewa kwa maandishi ndani ya saa 1. Chapisheni muda huo kwenye karatasi moja ya lugha mbili na kila timu ipewe siku ya usajili. Afisa uhusiano wa washiriki avae koti linaloonekana, na atembelee kambi za wageni kama anavyotembelea za wenyeji.

Wa motokrosi wafuate njia hiyo hiyo. Chombo chao cha kimataifa ni FIM na vifungu vyao ni vingine, ila wazazi walioshika uzio wakati watoto wa pikipiki za cc 65 wanagusana kwenye kona wanahitaji karatasi hiyo kuliko mtu yeyote.

Amri ikitoka juu

Zipo nyakati ambazo uraia unaingizwa kwenye kanuni kwa makusudi. Tarehe 1 Machi 2022, FIA iliamua kwamba madereva wa Urusi na Belarus washiriki bila bendera za nchi zao. Mtu anaweza kukubaliana nayo au asikubaliane, lakini ilikuwa imeandikwa, ilitangazwa, na ilitolewa na chombo chenye mamlaka hayo. Msimamizi wa Arusha hana mamlaka ya aina hiyo. Nchi mbili zikigombana kwenye magazeti, dereva anayefika na leseni hai na idhini ya chama chake anakaguliwa kama wengine mpaka barua ya AAT iseme vinginevyo.

Baada ya msimu

Chukueni maamuzi yote ya mwaka, mfute majina, namba za magari na nchi, kisha mumpe msimamizi wa klabu nyingine. Akiwa Arusha mpeni wa Moshi, akiwa Moshi mpeni wa Arusha. Aandike adhabu ambayo yeye angeitoa kwa kila kosa. Linganisheni na mlizotoa, halafu rudisheni majina na bendera mezani. Palipo na tofauti kubwa, tazameni ziko kwa nani. Mkikuta zote zimeangukia upande mmoja, uwe wa wageni au wa wenyeji, pelekeni orodha hiyo kwenye kamati inayoandika kanuni za nyongeza za mwaka ujao, pamoja na kifungu kilichowaachia nafasi ya kukisia.